Jicho la Kushoto

Jumatatu saa tatu asubuhi, dirisha namba mbili la masjala ya mahakama lilikuwa limezibwa na watu kama kawaida yake. Huyu alitaka tarehe ya kesi, yule alitaka nakala ya hukumu, na mama mmoja alitaka tu kujua choo kiko wapi, lakini alikuwa amekwisha kupanga foleni nusu saa nzima. Nyuma ya dirisha alikaa karani, mwanamke wa miaka thelathini na minne, gauni la kijani lililomkaa barabara, wino kwenye kidole, na sauti isiyotaka mchezo.

"Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu iliyofuliwa mpaka ikapauka. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa, jambo lililomshangaza karani, kwa sababu wenye ovaroli kwa kawaida hawahangaiki na viatu.

"Nataka nakala ya hati yangu ya talaka," alisema kwa sauti ya chini. "Ile niliyokuwa nayo imeliwa na panya, na ofisi ya ardhi wameikataa."

"Namba ya kesi?"

"Sina."

"Mwaka?"

"Ule mwaka umeme ulipokuwa unakatika kila siku. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi mno. Mimi ni fundi friji."

Foleni yote ikaangua kicheko. Karani alijikaza, lakini mdomo ulimsaliti.

"Kaka yangu, hapa majalada hayapangwi kwa umeme. Yanapangwa kwa namba na mwaka, kwenye daftari kubwa kuliko mlango. Bila namba, ni kufunua ukurasa kwa ukurasa. Nani alifungua kesi, wewe au mkeo?"

"Yeye."

"Basi niandikie jina lake. Humu wewe hujulikani kabisa."

"Hata nyumbani nilikuwa sijulikani," alisema fundi, na safari hii karani alicheka waziwazi.

Alimwambia arudi Alhamisi. Alirudi Alhamisi, akarudi Ijumaa, akarudi Jumanne iliyofuata akitokwa jasho, ingawa mahakama nzima ilijua kwamba kuuliza kungewezekana hata kwa simu. Jumanne hiyo alisikia friji ya makarani ikikoroma chumba cha nyuma, akaomba ruhusa aitazame, akaitengeneza bila kudai chochote zaidi ya kikombe cha chai. Kwa hiyo alikuwa ndani ya masjala, kati ya safu za rafu zilizobanana, pale karani alipotokea na jalada mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nimelipata! Lilikuwa limechomekwa kwenye kesi za mirathi. Nani aliliweka huko, sijui."

Fundi hakufurahi kama karani alivyotarajia. Aliweka kiganja juu ya jalada.

"Naomba kitu kimoja tu. Toa hati, ni ukurasa mmoja. Hayo mengine usiyasome."

"Humu mna majalada elfu kumi na mbili ya watu walioshindwana," karani alimjibu. "Nikianza kuyasoma, hamu ya kuolewa nitaitoa wapi?"

"Kwani unayo?"

Karani alishikwa na aibu akaenda kutafuta muhuri ambao ulikuwa mezani mbele yake.

Mapenzi yao hayakuchelewa. Ndani ya miezi saba fundi alikuwa akipiga simu kila siku saa saba mchana, wakati dirisha linafungwa.

"Karani wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Basi utakonda."

Alimsindikiza kazini, akambebea mkoba bila kuona haya mbele ya wanaume wenzake, na Jumapili moja alimnunulia mtandio wa rangi ya machungwa ambao karani aliuvaa hata usipoendana na chochote. Kilibaki kitu kimoja, fundi aje kujitambulisha nyumbani, kwa dada yake karani. Dada ndiye aliyemlea tangu wazazi wafariki, na waliishi pamoja vyumba viwili ghorofa ya tatu.

"Ameshaoa mara moja," dada alisema, akikoroga chai kwa mkono wa kushoto. "Kwa nini waliachana?"

"Hajaniambia."

"Umemuuliza?"

Karani alivuta kikombe chake karibu. Alimpenda yule mtu, na aliogopa jibu. Dada hakuwa na haja ya kuendelea. Mkono wake wa kulia, uliovunjwa na aliyekuwa mumewe ukaunga vibaya, ulikuwa mezani pale, umepinda kwenye kifundo.

Kuuliza kulihitaji ujasiri. Kusoma kulihitaji ufunguo tu, na ufunguo alikuwa nao shingoni. Kanuni ya kazi ilikataza waziwazi: karani hafungui jalada kwa shauri lake mwenyewe, akikamatwa anafukuzwa. Jumatano, wenzake walipokwenda kula, aliingia safu ya tisa, mahali ambapo hakuna dirisha na mtu mnene hawezi kugeuka, akalifungua.

"Mdaiwa alinipiga kwa mkanda wa suruali, mbele ya majirani, akaniumiza vibaya jicho la kushoto." Chini yake palikuwa na karatasi nyingine: "Mdaiwa anakiri yote na hapingi talaka." Na sahihi ilikuwa ileile aliyoizoea kwenye vijikaratasi vya mapenzi.

Akakaa sakafuni, kati ya rafu. Angemwambia nani? Kwa dada angesemaje? Na kwa fundi mwenyewe, angesema amejuaje?

Saa saba simu iliita. Hakupokea. Siku ya tatu alipokea.

"Mpenzi, mbona simu inaita mpaka inachoka? Nimekukosea?"

"Kazi nyingi."

"Kazi gani isiyo na saa saba?"

"Nimesema kazi nyingi!"

Jioni hiyo fundi alimsubiri nje ya lango la mahakama. Karani alikuwa na uzi umenasa kwenye nywele. Fundi akainua mkono ili autoe, na karani akaruka nyuma na kujikinga uso.

Walitazamana. Watu waliwapita wakiharakia majumbani. Mkono wa fundi ulibaki hewani kwa muda, kisha ukashuka taratibu.

"Umesoma," alisema.

Fundi aligeuka akaenda zake, na siku zilizofuata simu ya saa saba haikuita tena. Kwa wiki tatu karani alifanya kazi, asiweze kumrudia mtu wa mkanda, asiweze pia kuacha kumtazamia kwenye foleni.

Wiki ya nne alikuja mama mmoja mzee akitaka nakala ya hukumu yake yote, si hati tu. Alihitaji isomwe kwa sauti kwa kuwa macho hayakuona vizuri. Karani akaanza kumsomea.

"Mdaiwa alinipiga kwa mkanda wa suruali, mbele ya majirani, akaniumiza vibaya jicho la..."

"La kushoto," mama alimalizia, akacheka. "Masikini mume wangu. Hata mkanda hakuwa nao, alikuwa akifunga suruali kwa kamba."

Karani alimpa mama nakala yake, akafunga dirisha kabla ya saa, akarudi kwenye rafu. Safari hii alipekua kesi za talaka za miaka mingi, moja baada ya nyingine. Alikuta mkanda uleule, majirani walewale, jicho lilelile. Alihesabu waume kumi na tisa. La kumi na tisa lilikuwa jalada la dada yake.

Alilisoma mara tatu. Mkanda, majirani, jicho la kushoto. Hapakuwa na neno hata moja juu ya mkono. Na yeye mwenyewe, akiwa msichana wa miaka kumi na saba, ndiye aliyemshika dada yake wakati mkono ule unafungwa bendeji, akamsikia analia mpaka sauti ikapotea.

Nje, karibu na lango, mzee mwenye taipu iliyopiga karatasi zile zote alikuwa pale alipokuwa siku zote, akiwaandikia watu nyaraka za mahakama.

"Mzee, shikamoo. Wote walipigwa jicho la kushoto?"

Mzee aliinua miwani, akaelewa mara moja. "Marahaba, mwanangu. Hakimu anataka sababu nzito, la sivyo anawarudisha wakasuluhishwe. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wanazeeka. Mimi nawaandikia sababu inayopita."

"Na aliyepigwa kweli?"

"Naye namwandikia hiyohiyo."

"Utamjuaje nani ni nani?"

"Mimi simjui," mzee alisema, akarudi kwenye taipu yake. "Siulizi."

Karani alifika nyumbani akamkuta dada anaanua nguo. Alimwambia yote, hata la kufungua jalada, na alilia kama mtoto. Dada alikaa kitandani kando yake.

"Nilimwambia yule mzee ni mkono," dada alisema. "Akasema mkono utabishaniwa, mahakama itaambiwa nilianguka. Jicho limezoeleka. Nilikuwa nataka kutoka, mdogo wangu. Angeniambia nimekatwa kichwa ningetia sahihi."

"Sasa nitajuaje? Karatasi yako ni ya uongo na ulipigwa. Ya yule mama ni ya uongo na hakupigwa. Ya fundi je?"

"Karatasi haitakwambia. Mtafute huyo mwanamke. Sisi tuliopigwa tunaambiana."

Namba yake ya simu ilikuwa jaladani. Asubuhi karani alipiga simu. Sauti ya mwanamke ilipokea kwa furaha, na aliposikia habari yenyewe ikashuka mpaka ikawa mnong'ono.

"Subiri nitoke nje." Mlango ulisikika ukifungwa. "Wewe ndiwe unayetaka kuolewa naye?"

"Ndimi, dada. Samahani kwa kukusumbua. Nataka kujua kitu kimoja."

"Hakunigusa. Hata kidole hakuninyooshea. Tulichokana tu, mimi nilishampenda mwingine, naye alijua. Mahakama iliturudisha mara mbili. Mzee wa taipu akasema lazima mmoja awe mbaya, fundi wako akasema, niandike mimi. Siku tulipomaliza alinibebea mizigo mpaka stendi."

Karani alibana simu sikioni.

"Lakini sikiliza," yule mwanamke aliendelea. "Mimi siwezi kulisema hilo popote. Mume wangu huyu alinioa akinihurumia. Mpaka leo akikasirika anajizuia, ananiambia wewe umeteseka vya kutosha. Nikisema ukweli nimekwisha. Na mahakamani niliapa. Usinipigie tena, tafadhali."

Simu ilikatika. Karani alibaki ameishika. Alikuwa na ukweli, na hakuwa na mahali pa kuuweka. Jalada lingebaki safu ya tisa na uongo wake, kwa muhuri wa serikali, na yeye ndiye mtunzaji wake.

Mchana hakusubiri saa saba. Alivaa mtandio wa machungwa, akaenda mpaka karakana ya fundi, chumba kirefu kilichojaa friji zilizofunguliwa migongo. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji moja kubwa, na mwenye friji amesimama mlangoni amekunja mikono.

"Dirisha limefungwa leo?" fundi aliuliza bila kuinuka.

"Nimempigia aliyekuwa mkeo. Ameniambia."

Bisibisi ilisimama. "Kwa hiyo sasa umeridhika."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Wa kusoma? Wa kusoma nilishakusamehe, mimi mwenyewe ningesoma." Aliinuka, akajifuta mikono, na macho yake yalikuwa mekundu. "Umeliuliza jalada. Umemuuliza mzee wa taipu, nimesikia, ana mdomo huyo. Bila shaka umemuuliza dada yako, umemuuliza mwanamke niliyeachana naye. Mji mzima umeulizwa kama nilipiga mtu. Nani hajaulizwa?"

Mwenye friji akaona afadhali asubiri nje.

Kweli, karani hakuwa amemuuliza. Miaka kumi na mmoja ya kufunua kurasa ilikuwa imemfundisha kutafuta majibu mahali popote ila mdomoni mwa mtu.

"Ulimpiga?" aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo.

"Hapana."

"Uliwahi kumpiga mwanamke yeyote?"

"Hapana. Na nikikwambia hivyo sina shahidi, sina karatasi. Karatasi iliyopo inasema nilipiga, na niliitia sahihi mwenyewe. Siwezi kuibadilisha bila kumwangusha yule mwanamke. Nitakufa hivyohivyo, mpiga wanawake kwa mujibu wa mahakama."

"Najua."

"Hujui. Wewe utakuwa unaipanguza vumbi kila wiki." Alitazama pembeni. "Na siku mtoto wetu akienda kusoma lile jalada?"

"Atakuja kukuuliza, na wewe utakuwepo umjibu," karani alisema. Halafu akashtuka. "Mtoto wetu? Umeniposa lini wewe?"

Fundi alikuwa amelia wiki nne mahali ambapo hakuna mtu wa kumwona, na sasa hakujua mikono aiweke wapi.

"Sasa hivi," alisema mwishowe. "Unakubali, au unataka kumuuliza mtu kwanza?"

Karani akapiga hatua, akachukua ule mkono mweusi wa grisi, akauweka mwenyewe shavuni pake, upande wa kushoto, karibu kabisa na jicho. Hakukwepa.

"Nakubali," alisema.