Mume wa Mchana

Haya yote niliyaona mwenyewe, kwa macho haya haya mawili yanayosoma namba ya gari lililo ng'ambo ya mto. Sikusimuliwa na mtu. Anayebisha aende Tarime akaulize nani alikuwa dereva wa Landrova ya hospitali mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vipya. Ataambiwa ni Machage, ndiye mimi, na ataambiwa pia kwamba Mto Mara ukifura hakuna aliyethubutu kuuvuka isipokuwa huyo huyo. Lakini hayo tuyaache.

Hospitali yenyewe siitaji jina. Ilikuwa ndogo, na vijiji vilivyojaa watu kabla ya vyoo kuchimbwa vilituletea wagonjwa wa kuhara mpaka wakalala chini ya vitanda vya wenzao. Ndipo tukaletewa Daktari Nashoni, kijana wa kwetu, Mkurya, katoka chuoni moto moto, anaanza mwaka wake wa kwanza wa kazi. Mwaka huo ni wa kupimwa. Ukiumaliza unaitwa daktari kamili. Ukianguka, unarudi kwenu kuchunga. Na daktari mkuu aliyempima hakuamini kuwa binadamu hulala.

Nashoni alikuja na mke aliyemwoa juzi tu, Gati. Nyumba yao na yangu zilitenganishwa na ukuta mwembamba, kikohozi cha huku kinaitikiwa kule. Kila siku Gati alipika, akafunga bakuli kwa kitambaa, mimi nikalipeleka wodini. Mara nyingi nililirudisha limejaa, ugali umekauka juu kama udongo wa kiangazi.

Wanawake wa bombani walimchokoza. "Mke wa daktari! Sisi wenye kuhara tunamwona mumeo kila siku. Wewe mzima utamwona lini?"

"Siku nikimtamani sana nitaharisha na mimi," Gati aliwajibu, ndoo kichwani. "Nichekeni tu. Mwaka una mwisho, na mimi sina pa kukimbilia."

Basi, jambo lenyewe lilianza dogo. Alasiri moja nilimrudishia bakuli, nikamwambia mumewe hataweza kuja, yuko chumba cha upasuaji tangu asubuhi. Gati akacheka.

"Shemeji, wewe na utani wako! Si ametoka hapa sasa hivi? Amekula, na mlango amenitengenezea."

Nikautazama mlango. Ulikuwa umening'inia kwa bawaba moja tangu wahamie. Sasa umesimama wima kama askari. Na hewani palikuwa na harufu ya majivu yaliyonyeshewa mvua, ilhali siku hiyo jua lilikuwa kali na jiko limezimwa. Nashoni mimi namjua: harufu yake ni Dettol, inamtangulia hatua kumi. Labda ametoroka kidogo, nikasema moyoni. Mume kutorokea kwa mkewe si kesi.

Wiki zikapita. Mambo madogo madogo: viatu vya Nashoni vimepakwa kiwi, kuni zimepasuliwa, na kupitia ukutani, mchana kweupe, nasikia sauti ya mwanaume anaongea polepole, anacheka, hana haraka. Huku Nashoni ninayemwendesha mimi anakonda, macho yameingia ndani.

"Machage," aliniambia siku moja garini, tukiwa njiani kwenda Nyamwaga, "kuna kitu kinanitisha. Nikisinzia wodini, hata dakika moja, naota niko nyumbani. Napasua kuni, napiga soga na Gati. Halafu naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kama usingizi wangu kuna mtu anaula."

Nilikanyaga mafuta, nikaimba wimbo wa jeshini ili nisimjibu.

Nyamwaga tulimkuta mama aliyeshindwa kujifungua. Nashoni akavua shati, akapiga magoti, akaniagiza nirudi mbio hospitalini kuleta chupa za maji ya mshipa, na nikipita kwake nimchukulie sweta. Nilimwacha pale, mikono yake miwili imejaa damu. Kumbuka hilo. Nilimwacha pale.

Nikapiga hodi kwa Gati, nikasukuma ule mlango, na mle ndani, mezani, mbele ya sahani ya ugali na mlenda, shati jeupe limepigwa pasi, uso umeshiba usingizi, amekaa Nashoni, anamega tonge kwa mkono mkavu safi usio na tone la damu, na akageuka akanitazama kama mtu anayenijua tangu utoto, akatabasamu, akasema, "Karibu ule, Machage, mbona una haraka," na sauti ilikuwa yake, na pengo la jino lilikuwa lake, na ile harufu ya majivu yaliyolowa ikanijaa puani, na mimi, niliyewahi kumfukuza simba Ikoma kwa honi peke yake, nikarudi nyuma kinyumenyume mpaka uani.

Gati alinifuata. Nikamnong'oneza, "Gati, mumeo nimemwacha Nyamwaga. Sasa hivi. Yule si mumeo."

Nilidhani atapiga yowe. Alitazama chini.

"Najua," akasema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Siku ya pili. Huyu ananisikiliza mpaka mwisho, shemeji. Nashoni husinzia nikiwa katikati ya neno."

"Na ukanyamaza!"

"Kaa wewe miezi yote hii unaongea na sufuria, halafu uje unifundishe kupiga kelele." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mume wangu anakonda. Nimemwona Jumapili, nikadhani ni kazi. Ni huyu, eh?"

Nilipoufikisha mzigo Nyamwaga, na mama yule akajifungua salama (mbio zangu zile barabara haijazisahau), nikampeleka Gati sokoni kwa Fundi Swaleh, mshona nguo mwenye asili ya Tanga, anayejua vitabu vya dini na mambo ya wasioonekana. Alisimamisha cherehani, akasikiliza.

"Huyo hufuata nyumba ambayo pahali pa mwenyewe pako wazi," alisema kwa sauti ya chini. "Hukaa palepale. Raha yote anayoipata anaivuta kwa mwenyewe. Akizoeleka, mwenyewe atakuwa hana pa kurudia, na mtamzika. Kisomo nitasoma, lakini hatoki mpaka watu wa nyumba wamuone kuwa ni mgeni na wamkane. Na kila mnachokijua cha mumeo, anakijua. Binti, rudi kwa mama yako kwanza."

"Nimwachie nyumba yangu?" Gati alisimama. "Sirudi kwa mama. Mama ndiye atakayekuja kwangu."

Hapo mimi nikaelewa, Swaleh hakuelewa, kwa kuwa si Mkurya. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Tunaita ensoni, aibu ya heshima, na hakuna shule inayoifuta. Nashoni na vyeti vyake vyote, siku mkwe wake alipokuja hospitalini kung'oa jino, alitoroka kupitia dirishani. Hilo halikai kichwani mwa mtu likasomeka. Linakaa miguuni: miguu inakimbia kabla hujawaza.

Mama Nyangi, mama yake Gati, aligoma kupanda gari. "Nikakae kwa mkwe! Nimekosa adabu lini?"

"Mkwe hayupo, mama," Gati akamwambia. "Ndiyo maana nakuita."

Alasiri iliyofuata mama alikaa kwenye benchi la sebuleni, fimbo mapajani. Mimi nilisimama nyuma ya pazia, jasiri kama kawaida. Kuku wa uani wakanyamaza wote kwa pamoja. Harufu ya majivu ikaingia kwanza. Kisha mlango ukafunguka bila mlio, akaingia, akamwona mama, akatabasamu.

"Shikamoo, mama mkwe!" Akanyoosha mkono. Akakaa benchi hilo hilo, bega kwa bega.

Mama Nyangi hakuugusa ule mkono. Aliutazama kama nyoka aliyekutwa kitandani.

"Gati, huyu mtu ni nani?"

"Simjui, mama."

Ile sura ikatetemeka, kama maji yaliyotupiwa jiwe. "Gati," akasema taratibu, kwa upole unaoumiza, "yule hana muda na wewe. Mimi ninao. Nani aliyekusikiliza mwaka huu?"

"Wewe," Gati akajibu, machozi yanamtoka lakini shingo imesimama. "Ulinisikiliza vizuri. Lakini yule amechoka kwa kuwashika watu wasife, na wewe umenenepa kwa kumla. Afadhali nisinziwe na mume wangu kuliko kusikilizwa na wewe. Hapa hapana kiti chako. Simjui, mama! Simjui!"

Mama akagonga fimbo sakafuni. Yule jini akainuka, nikaona chini ya suruali kwato za punda zikigonga saruji, ko, ko, ko, baridi ikapita chumbani, taa ya chemli ikaanguka yenyewe, na akatoka akipungua, mpaka uani hapakuwa na mtu.

Jioni Nashoni wa kweli akarudi kwa miguu, ananuka Dettol. Alipofika mlangoni na kusikia sauti ya mkwe ndani, aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, akajibanza chini ya migomba.

"Gati!" akaita kwa kunong'ona. "Mama yako yuko humo! Mimi nalala hapa hapa."

Gati alicheka mpaka akakaa chini. Akampelekea chakula kule kule migombani, akaanza kumsimulia yote, na Nashoni akasinzia katikati ya neno, tonge mkononi. Gati akaendelea kusimulia. Mwaka ule waliumaliza hivyo hivyo, mmoja anaongea, mwingine anakoroma, na udaktari akaupata.

Sasa, kitu kimoja humo nilikitia mimi. Ni zile kwato. Watu wa kwetu hawakubali jini lisilo na kwato, wanadai umewapunja. Mengine yote ni kweli tupu. Ila alipoinuka nilimtazama miguu, nikaitafuta alama kwa hamu yote, na ilikuwa miguu ya Nashoni, na kovu lake la jembe juu ya kidole gumba. Hakuwa na kasoro hata moja. Asingekuwa yule mama kwenye benchi, mimi leo ningekuwa namwendesha huyo, na kumwita daktari.