Sahani Iliyoshonwa kwa Waya

Kabati halikuvunjwa. Kitasa hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Sahani kubwa za kupakulia, za Kiingereza, zenye picha za mito na madaraja kwa rangi ya buluu, zilikuwa zimepangwa vizuri kama kawaida. Iliyoibwa ni moja tu.

"Ya bei kuliko zote?" Inspekta aliuliza.

"Ya bei ndogo, afande," alisema mwenye nyumba, mfamasia mstaafu aliyezikusanya miaka thelathini. "Ina ufa, imeshonwa kwa waya. Ilikuwa ya marehemu mama. Kesho mnunuzi anakuja kuzibeba zote."

"Ilikaa wapi?"

"Chini kabisa ya hizi sita."

Inspekta aliziinua moja moja. Kati ya kila sahani na mwenzake palikuwa na kitambaa laini, kimekunjwa mara nne.

"Vitambaa umerudisha wewe?"

"Sijagusa kitu. Mama ndiye alitufundisha hivyo. Ukisahau kitambaa, siku hiyo utamkoma."

Mwizi gani huyo wa kukunja vitambaa? Inspekta alikumbuka bakuli la mama yake lenye maua mekundu, ambalo hakujua liliishia wapi. Lilimuuma ghafla.

"Mama alikulea na nani?"

Mzee alitazama sakafu. "Na dada yangu mdogo. Tumenuniana mwaka wa tatu huu."

Nyumba ya dada ilikuwa mtaa wa pili. Mzee alishikilia kwenda naye. Walimkuta mezani, peke yake, chakula kikifuka moshi kwenye sahani yenye waya.

"Umeichukua wewe?" Inspekta aliuliza.

"Mimi."

"Ufunguo?"

"Nyuma ya saa ya ukutani, alikouficha mama. Kaka hahamishi kitu."

"Kwa nini, mama?"

Aliweka kijiko chini. "Afande, niliipasua mimi, nina miaka saba. Kaka akasema ni yeye. Akachapwa yeye. Juzi nikasikia anaiuza. Ningemwachaje mtu baki aondoke na fimbo zile?"

Inspekta alimgeukia mzee. "Tufungue jalada?"

Mzee alivuta kiti, akaketi, macho yamemlowa.

"Kumbe hukusahau," alimwambia dada yake.

"Nisahau vipi, kaka?"

Mzee aliusogeza mkono mpaka kwenye ule waya, akaugusa.

"Hii haiuzwi," alisema. "Haya, nipakulie. Na afande naye."