Taa ya Kamera Iliyowaka Yenyewe

Saa mbili asubuhi, taa ndogo ya kamera ya kompyuta iliwaka studioni. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

"Imeanza tena," alisema Mama Picha, mwenye studio.

Mumewe alichukua plasta ya kidonda, akaiziba kamera. "Haya, jini wako kalala."

Hawajamaliza kucheka, akaingia jirani yao muuza maziwa, mtoto mgongoni, simu mkononi.

"Mwanangu anaumwa moyo tangu lini?"

Kwenye simu palikuwa na picha ya mtoto yule yule, na chini yake ombi la mchango wa matibabu ya moyo. Picha ilipigwa hapo hapo studioni. Studio huishi kwa kuaminiwa. Nani tena angemletea Mama Picha mtoto?

"Sijaitoa mimi, dada. Naapa."

"Basi imetoka kwa miguu yake?"

Mama Picha alimwita binti wa dada yake, fundi wa kompyuta aitwaye Miwani. Miwani alikagua, kisha akauliza, "Mama mdogo, hii programu ya kung'arisha picha ulinunua bei gani?"

"Nilipewa bure na mchuuzi mmoja."

"Bure ghali. Aliyeitengeneza ameacha mlango wa siri makusudi, naye anauza ruhusa ya kupita. Wanaonunua wanabeba picha. Wewe hukulipa, wameuzwa wateja wako."

"Na plasta yangu?" aliuliza mume.

"Baba mdogo, umeziba jicho la mwizi. Mkono wake bado uko kabatini."

"Kwani programu zote ziko hivyo?" aliuliza Mama Picha.

"Hapana. Ila hata za waaminifu huwa na matundu kwa bahati mbaya. Anayeligundua tundu anaweza kuliuza kwa wezi. Ndiyo maana watengenezaji wengine humlipa anayewaambia wao, wakaliziba. Ule ujumbe wa 'sasisha' unaoufuta kila siku ndio unaoleta kiraka chenyewe."

Miwani aliitoa kompyuta kwenye mtandao, akaisafisha yote, akabadilisha nywila. Wakanunua programu ya mtengenezaji anayejulikana. Mama Picha aliwapigia wateja wake, akawaeleza bila kuficha. Ukurasa wa mchango waliuripoti, ukafungwa.

"Ahsante, mwanangu. Umeninusuru."

"Mshukuru na aliyekuja kukuuliza. Mwingine angekusengenya tu."

Mama Picha alikwenda mpaka kwa muuza maziwa, akamshukuru mbele ya wateja wa maziwa.

Kesho yake saa mbili, plasta ilikuwa imebanduliwa. Taa haikuwaka. Muuza maziwa aliingia, akamkalisha mtoto kwenye kiti cha picha.

"Piga," alisema. "Safari hii ana meno mawili."

Mama Picha akapiga.