Kitambaa cha Akumu

Kila Jumamosi, jua likiwa bado halijachomoza juu ya mawe ya Kirumba, Akumu na mama yake Dorotea walikuwa wameshashika mafagio. Mama alifanya usafi katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Yeye alipiga deki ofisi, na Akumu, aliyekuwa darasa la sita, alipangusa vumbi mezani. Amri ya meneja ilikuwa moja tu: mashine ya kompyuta haiguswi.

Lakini Akumu alikuwa mtu wa vitambaa. Kwao redio ilikuwa na kitambaa, birika lilikuwa na kitambaa, hata debe la unga halikuachwa hivi hivi. Kompyuta yenyewe, sanduku kubwa, ilikaa chumba cha pili. Pale mezani palikuwa na kioo na kibao cha kuandikia, vilivyounganishwa nayo kwa waya mrefu. Kioo kile kitupu kilimtia huruma. Alifuma kitambaa cha maua mekundu wiki nzima, na Jumamosi moja asubuhi, mama alipokwenda kuteka maji, alikiinua kioo akatandika kitambaa chini yake. Uzi ukanasa nyuma, kwenye safu ya viswichi vidogo kama punje za mchele. Akauvuta. Kiswichi kimoja kikalia “tik!” Hakukumbuka kama kilikuwa juu au chini. Akakirudisha kioo mahali pake, akatoka haraka.

Saa mbili akafika fundi Luhaga, kijana ambaye hakupita bila kumwamkia mama Akumu, ingawa wengine ofisini walimpita kana kwamba ni ndoo. Jana yake jioni alikuwa ameiwekea kompyuta programu mpya ya kuiendesha. Sasa ilimbidi aandike jina lake na neno la siri, aingie, kisha achape hati za mzigo. Uani lori la minofu lilikuwa linanguruma. Lilipaswa kuondoka saa nne ili kuiwahi ndege.

Akaandika. Kioo kikajaa herufi zilizochanganyika na vijisanduku, na hakuingia. Akaandika tena polepole, herufi moja moja. Hakuingia. Akarudia mara nyingi, ikawa vilevile.

“Vipi, Luhaga?” aliuliza meneja, Bwana Shigela, akiwa mlangoni.

“Inakataa neno la siri, mzee. Nadhani jana nimekosea mahali kwenye programu.”

“Umekagua waya na vyombo vyote?”

“Nimekagua kila kitu.”

Shigela akatazama saa yake. Ilikuwa saa tatu na nusu. “Saa nne ikifika bila hati, mzigo unalala hapa. Na wewe usije tena.”

Luhaga akavuta boksi la disketi ili aanze kuiweka programu upya, kazi ambayo ingemfikisha jioni.

Akumu alisimama ukumbini na tambara lake, akisikia yote. Akisema, mama atafukuzwa, maana amri waliijua wote wawili. Akinyamaza, atafukuzwa Luhaga. Kisha akakimbilia bombani, akamweleza mama yote bila kupumua.

Mama aliiweka ndoo chini.

“Umemwambia Luhaga?”

“Bado, mama.”

“Sasa unanisimulia mimi ya nini? Twende!”

“Mama, na kazi yako?”

“Nimesema twende.”

Waliingia ofisini pamoja, na kanga ya mama ikiwa bado na povu. “Shikamoo,” Akumu alisema. “Kaka Luhaga, usianze upya. Ni mimi. Nimegusa kiswichi huko nyuma nilipotandika kitambaa.”

Luhaga akakigeuza kioo. Akavitazama viswichi, akatoa bisibisi, akarudisha kimoja juu. Akazima kioo, akakiwasha, akaandika. Safari hii herufi zilikuja safi, na mashine ikamkubali.

“Kumbe programu haina kosa!” alisema, akicheka huku machozi yakimlengalenga. “Kiswichi hiki ndicho kinachofanya kioo na kompyuta vielewane. Neno langu lilikuwa sahihi, ila lilikuwa linafika limeharibika.”

Hati zikatoka saa nne kasoro dakika tano. Lori likaondoka.

Shigela akamgeukia mama Akumu, uso umekunjamana. “Dorotea, amri si uliijua?”

“Niliijua, mzee. Mtoto ni wangu.”

“Mzee,” Luhaga akaingilia, “nami nilikudanganya. Nilisema nimekagua kila kitu. Nyuma ya kioo sikuangalia hata kidogo.”

Meneja akawatazama wote watatu, kisha akakunja kile kitambaa na kumpa Akumu. “Kazi endeleeni nayo. Huyu binti ofisini asiingie tena.”

Njiani Akumu alilia. “Ningekufukuzisha, mama.”

“Ndiyo, ungenifukuzisha,” mama alisema, bila kumbembeleza. “Lakini nisikilize. Asubuhi kosa lako lilikuwa la kiswichi, na kiswichi hurudishwa kwa bisibisi. Ungenyamaza mpaka saa nne, ungekuwa umemharibia mtu maisha, na hilo hakuna fundi wa kulirudisha. Ukikosea, sema upesi, kosa likiwa bado dogo.”

Akakichukua kitambaa, akampangusa nacho machozi.