Moto wa Bani na Kisima cha Mtakuja

Katika kitongoji cha Mtakuja, si mbali na Usoke, hakuna aliyemshinda Dionis kwa kukausha tumbaku. Bani lake, yaani kibanda kirefu cha matofali cha kukaushia tumbaku, lilikuwa nyuma ya nyumba. Alichunga moto wake kama mama anavyochunga uji wa mtoto. Wengine walimletea tumbaku yao awakaushie. Hata Shigela, diwani wa kata, alikuwa na tumbaku yake humo.

Asubuhi moja mkewe Tekla alirudi na ndoo kichwani. Maji yalikuwa mekundu kwa tope.

"Baba Recheli, mtambo wa kuchimba kisima unakuja Jumatatu," alisema. "Lakini hauji kwetu. Unakwenda kitongoji cha Relini."

Dionis akatupa ukuni chini. "Relini! Shigela alituahidi sisi! Alisimama hapahapa, mkampigia vigelegele, wewe ukamvika khanga yako!"

"Khanga yangu mpya," Tekla alisema. "Na hakuirudisha."

Dionis alimpigia diwani simu. Shigela akaja upesi kwa pikipiki, kisha akamwita Shamila, mtendaji wa kata.

Shamila alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya pembe za ndovu.

"Shikamoo, mzee Dionis."

"Marahaba, mtani. Nasikia unataka kutuua kwa kiu."

"Ningetaka kuwaua Wanyamwezi, ningewanyima ugali."

Walicheka wote isipokuwa diwani.

"Mtendaji," alisema, "mimi nimechaguliwa na wananchi. Waambie wataalamu wachimbe hapa Mtakuja. Ninakuagiza."

"Mheshimiwa, wamepima kote kuwili. Hapa chini ni mwamba mkavu. Maji yako Relini. Wakichimba hapa wakakosa, mtambo utakwenda kata nyingine, na sote tutabaki na tope. Siwezi kuwaambia hivyo."

"Umesikia, Dionis? Mtumishi anamwambia diwani siwezi! Nitahakikisha anahamishwa!"

"Ahamishwe!" Dionis aliitikia.

Shamila hakukasirika. Aliinama akachungulia moto wa bani.

"Mzee, tumbaku hii ni ya nani?"

"Ya diwani."

"Akikuagiza uongeze kuni ili ikauke leo jioni?"

"Nakataa. Moto ukizidi mapema, jani linabaki kijani. Sokoni watalikataa."

"Hata akikasirika?"

"Hata akilia! Tumbaku ni yake, lakini moto ni..."

Tekla alicheka mpaka akashika mbavu. "Malizia, Baba Recheli! Moto ni wa nani?"

Diwani alijikuna shingo. "Sasa mimi kazi yangu nini? Kutazama moshi?"

"Kazi yako ni kubwa, mheshimiwa," Shamila alijibu. "Mzee Dionis anaweza kuuza tumbaku yako bila wewe kujua?"

"Athubutu!"

"Basi na mimi vilevile. Mimi sikuchaguliwa na mtu. Wananchi waanze na kisima au zahanati, hilo mnaamua ninyi kwenye vikao. Mkiamua, natekeleza, nipende nisipende. Nikizembea, nihojini. Lakini kabla hamjaamua, wajibu wangu ni kuwaambia ukweli. Nikikudanganya ili ufurahi, nimekuharibia tumbaku."

"Maneno mazuri," Tekla alisema. "Lakini ndoo yangu haijui vikao. Sisi wa Mtakuja je?"

"Bomba linaweza kutoka Relini mpaka hapa, mama. Nitawaomba wataalamu wapime njia. Ila kulitetea kwenye baraza la madiwani ni kazi ya mheshimiwa. Mimi kule sina kura."

Shigela alitazama lile tope ndani ya ndoo. Halafu akamtazama Shamila.

"Wakishapima, nipe hivyo vipimo," alisema. "Nitasema mpaka wanichoke."

Jumapili aliitisha mkutano. "Niliahidi kabla ya kuwauliza wataalamu," aliwaambia watu wa Mtakuja. "Nilikosea." Watu walinung'unika. Lakini mtambo ulipochimba Relini na maji yakaruka juu, manung'uniko yakapungua. Shigela alilisema bomba katika kila kikao, hata madiwani wenzake wakamwita Bwana Bomba. Mwishowe baraza likakubali. Shamila akasimamia kazi mpaka mtaro wa mwisho ukafukiwa.

Msimu uliofuata, Tekla alifungua koki ya Mtakuja. Ndoo ikajaa, na kitako chake kikaonekana vizuri ndani ya maji. Shigela alikuja siku hiyo na khanga mkononi, imekunjwa vizuri.

"Imefuliwa kwa maji ya bomba," alisema.

"Ilikuwa mpya," Tekla alimjibu, akaipokea akicheka.

Shigela alizunguka nyuma, akachungulia bani. "Mzee, mbona moto ni mdogo hivi?"

Dionis aligeuka polepole na ukuni mkononi. Diwani akainua mikono juu.

"Nauliza tu!"

"Uliza, mheshimiwa," Dionis alisema. "Kuuliza ni haki yako. Tumbaku ni yako."