Mama Jaribu-Tena

Kilichoibwa kilikuwa mashine ya mahudhurio. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi wabanguaji wa kiwanda cha korosho, hapo Wenchi, walifika kugusisha vidole wakakuta ukuta mtupu na matundu manne ya skrubu.

Inspekta Fofie alipaka ukuta unga wa kuchukulia alama za vidole. Kikajitokeza kiganja kizima na vidole vyake vitano. Alikitazama sana kwa kioo cha kukuzia. Vidole havikuwa na mistari.

"Alivaa glavu," alisema Konstebo Sulemana.

"Glavu haitoki jasho, Sulemana. Hivi ni vidole vya mtu, ila vimelika."

Meneja, Bwana Takyi, alikosa subira. "Siku za mwizi ni arobaini."

"Huyu hajamaliza hata tatu. Nani alikuwa anagombana na mashine yako?"

"Mashine haigombani na mtu, wala haisemi uongo. Asiyekuja, inaandika hakuja."

Karani Kyeremeh alicheka chinichini, kisha akajuta. Inspekta akamvuta pembeni.

"Umecheka nini?"

"Ukigusa, mashine inasema 'Asante'. Ikikukataa, inasema 'Jaribu tena'. Kuna mama mmoja tumeshampa jina hilo, Mama Jaribu-Tena. Ni Afia Brago."

"Kazini anakuja?"

"Kila siku, tena ndiye anayetutangulia wote."

"Sasa mbona hukumwandika kwenye daftari?"

"Daftari lilipigwa marufuku mashine ilipoletwa, wiki tatu sasa. Ana utoro wa siku kumi na nane, Inspekta. Barua yake ya kufukuzwa ilikuwa itoke leo."

Inspekta alisikia hasira ikimpanda, akaimeza. Mafuta ya ganda la korosho hula ngozi, na hilo Wenchi nzima inalijua. Anayejipaka mafuta ya mbarika kabla ya kubangua huokoa kidogo, lakini Afia alikuwa amebangua miaka kumi na tisa. Kiwanda kilimla mama wa watu vidole, kisha kikamuuliza viko wapi.

Walimkuta nyumbani kwake akimenya viazi vikuu. Mashine ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa safi, waya umechomekwa kwenye umeme.

"Karibuni," alisema. "Najua mmeifuata. Sikuivunja."

"Uliichukua lini, mama?"

"Jumamosi, zamu ilipoisha. Nikaifungua kwa kisu, nikaitia kwenye beseni, nikajitwika."

"Ili isikuandike mtoro?"

"Ili nijifunze." Aliweka kisu chini. "Kule foleni iko nyuma yangu, wanacheka, nabonyeza kwa haraka. Nikasema tukiwa wawili tu tutaelewana. Jana nimetoka kanisani nikapaka siagi ya shea, nikasugua kwa ndimu, nikajaribu vyote kumi. Ingenipokea hata mara moja, leo ningeirudisha mwenyewe."

"Ikasemaje?"

"Si unaijua."

Sulemana aligeukia dirishani.

"Mtu akinikataa, sawa," Afia aliendelea. "Lakini nimesimama mbele ya mashine, nayo inasema sipo. Wanangu nimewasomesha kwa kazi ile. Nikiambiwa sikuifanya, mimi nilikuwa wapi?"

Kituoni alikubali kosa bila kubembelezwa. Alipoweka dole gumba kwenye karatasi ya maelezo, lilibaki doa jeusi tupu. Inspekta akaandika chini yake: *Alama hazisomeki kwa sababu ya kazi ya mshukiwa.* Kisha akamtuma Sulemana amlete Kyeremeh, aje kutoa ushahidi wa siku zote kumi na nane, na Bwana Takyi aje kuusikia.

Alifungua kitabu cha matukio.

"Unaandika nini tena?" Afia aliuliza.

"Saa uliyofika. Saa tatu na nusu."

"Hebu nisomee."

"*Afia Brago amefika kituoni saa tatu na nusu asubuhi.*"

Afia alivuta kiti, akaketi.

"Wiki tatu," alisema. "Leo ndiyo mtu ameandika kwamba nimefika."