Aliyetoka Kwenye Foleni

"Mum, Gachanja ako wapi?"

Njoki aliinua macho kutoka kwa sufuria ya mukimo. Jebet, mchumba wa mwanawe, alikuwa amesimama katikati ya jikoni, kisu cha viazi mkono mmoja, simu mkono wa pili.

"Ako huko kwa ng'ombe. Kwani kuna nini?"

Jebet aliinamia simu. Alisoma tena ujumbe wa Kapteni Wamalwa, mkuu wa marubani kazini kwao:

"Congrats Jebet. Gachanja amechukuliwa kwa ile jeti ya tajiri wa maua, so nafasi ya kapteni sasa ni yako. Training inaanza Monday."

Mwingine angepiga vigelegele. Yeye aliegemea meza.

Nikueleze kwa nini. Katika shirika lao la ndege, cheo hakifuati ubingwa wala sura. Kinafuata foleni. Aliyeajiriwa kwanza anapanda kwanza, na mkiajiriwa siku moja, mkubwa kwa umri anatangulia. Jebet na Gachanja waliajiriwa siku moja, wote wakianzia kiti cha kulia, kile cha msaidizi. Gachanja alimzidi umri kwa wiki chache tu, basi akawa mbele yake. Walizoea kutaniana kwa hilo. Jebet alikuwa akimwita "mzee wangu" na kumpisha mlangoni.

Kisha akatokea tajiri mmoja mwenye mashamba ya maua. Alinunua jeti yake binafsi, akaipa kampuni hiyo kazi ya kumrushia. Marubani wa jeti angewachagua mwenyewe, bila kujali foleni, na ukichaguliwa unakuwa kapteni papo hapo. Ndege ingelala Nakuru. Tatizo lilikuwa moja. Ukienda, umetoka kwenye foleni. Siku tajiri akichoka na jeti yake, unarudi mkiani, nyuma ya watoto wa juzi.

Jebet alitaka kuomba. Gachanja alimpeleka Menengai, wakala mahindi ya kuchoma huku wakitazama shimo la volkeno, akamsihi asithubutu. Alimwambia jeti ile ni mtego, na mtu mwenye akili hatupi nafasi yake kwa ajili ya tajiri mmoja. Jebet alimsikiliza. Ukipendwa na mtu, ushauri wake unauchukua kama wa mama.

Sasa alivuka ua wa boma la Njoki, huko Bahati, akiwa bado ameshika kisu cha viazi. Gachanja alipomwona, aliweka ndoo ya maziwa chini taratibu.

"Umeomba ile jeti?"

"Nilikuwa nikuambie leo."

"Leo nimeambiwa na Wamalwa."

"Babe, nisikize. Mimi nilikuwa mbele yako. Ningekaa hapo ungeningoja miaka. Sasa nimetoka, wewe upite. Na mimi nitakuwa hapa Nakuru, karibu na mum. Si kila mtu ameshinda?"

"Mimi niliulizwa lini?"

"Nilifanya hivyo juu nakupenda."

"Uliniambia ni mtego. Ulikuwa unanidanganya kule Menengai, ama unanidanganya sasa?"

Ng'ombe alikuwa akitafuna tu, hana habari. Gachanja aliangalia buti zake. Mwanamume akiangalia buti zake, ujue ukweli umefika kooni.

"Nilikuwa naitaka," alisema mwishowe. "Na tajiri alikuwa amesema ukiomba, atakuchukua wewe. Ile siku ulimtua Kisumu kwa mvua, alipenda kazi yako. Nilisikia kwa Wamalwa."

"Kwa hivyo ulinizuia."

"Nilikuzuia. Lakini ni ukweli pia nilitaka upande."

"Umenichagulia nini nikose, ukanichagulia tena nini nipate," Jebet alisema. Sauti yake haikupanda. "Hiyo si mapenzi, Gachanja. Hiyo ni kunipangia maisha."

Alirudi jikoni, akamaliza kumenya viazi kwa sababu Njoki hakuwa na kosa, kisha akaondoka.

Koito, sherehe ambayo watu wa Gachanja wangeenda nayo kwa kina Jebet, Keringet, kuposa, ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Jebet alimwambia babake aisimamishe. Mzee Kemboi alikuwa tayari amefunga beberu wa kuchinjia wageni. Alimsikiliza bintiye mpaka mwisho bila kumkatiza. Yeye foleni alizijua vizuri, maana walioingia jandoni pamoja naye bado wanakaa kwa mpangilio ule ule hata leo, wakiwa na mvi.

"Nani alimtoa kwenye mstari?" aliuliza.

"Ni yeye mwenyewe."

"Basi hiyo nafasi si zawadi yake. Ni zamu yako. Panda."

"Na yeye?"

"Ndoa haina foleni, msichana wangu. Huko hakuna wa mbele. Akijua hivyo, atarudi."

Jebet akapanda. Mwaka ukapita na zaidi, akiwa na mistari minne ya kapteni begani na kitanda cha upweke. Sitakudanganya kwamba alimsahau. Njoki alimpigia kila Jumapili kumsalimia, na hata siku moja hakumtaja mwanawe. Gachanja alituma jumbe nyingi za kuomba msamaha, zikakosa jibu. Mmoja tu ulijibiwa:

"Nimepita juu ya Keringet leo. Kwenu kumenyesha."

"Asante," Jebet aliandika, kisha akalia kama aliyefiwa.

Halafu tajiri akachoka. Jeti ikauzwa.

Gachanja alipiga simu akaomba waonane Nakuru. Alisema ni ya kazi, si ya mapenzi. Walikutana kwa hoteli ya chai karibu na barabara ya kwenda Bahati. Alikuwa amekonda. Hakugusa mandazi.

"Ofisi imenipigia," alisema. "Tajiri ameniombea. Wanataka kunirudishia nafasi yangu ya zamani, mbele yako. Lakini viti vya kapteni havijaongezeka. Nikirudi, wa mwisho kupanda anashuka."

"Ambaye ni mimi."

"Ni wewe. Nikikataa, naanza mkiani, nyuma ya Jeff aliyeingia juzi. Wanangoja jibu. Nimekuja kukuuliza kabla sijajibu."

Jebet alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Wewe unataka nini?"

"Mimi nataka chenye kitakufanya..."

"Usiniweke hapo. Sema yako."

Gachanja alikisogeza kikombe chake kando. Kisha akainua macho, na safari hii hakuangalia viatu.

"Naitaka. Nimeonja ukapteni, Jebet. Kukaa chini ya Jeff itaniuma kila asubuhi. Lakini si yangu tena. Nilitoka kwa miguu yangu. Nitakataa, na si kwa sababu yako. Hata ukisema leo tuachane kabisa, bado nitakataa."

"Mbona basi umekuja kuniuliza?"

"Juu inakugusa. Kuna siku nilifaa kuja nikuulize, sikukuja."

Jebet alihisi kitu kikifunguka kifuani, kile kilichofungwa siku ile mbele ya ng'ombe. Alimpenda. Alikuwa amempenda muda wote huo, ila hakuwa na mtu wa kumwamini ndani ya hayo mapenzi.

"Mpigie Wamalwa," alisema.

Gachanja akapiga hapo hapo. Wamalwa alimwonya kwamba atakaa miaka kabla hajaona tena kiti cha kushoto. Gachanja akasema anajua, akashukuru, akakata. Aliiweka simu mezani.

Jebet akatoa simu yake.

"Baba, yule beberu bado yuko?"

Jibu halikukawia. "Yuko. Amenenepa mpaka anachoka kutembea. Njooni."

Koito ikafanyika Keringet, watu wa Bahati wakashangaa baridi ya huko na kumaliza mursik, maziwa ya mgando, yote ya Mzee Kemboi. Harusi ikafuata. Kazini Gachanja aliwapisha vijana mlangoni, Jeff akiwa wa kwanza, na ilimuuma kama alivyosema.

Siku ya kwanza kupangwa safari moja, Jebet alikaa kushoto, mumewe kulia. Walipokaribia Mau, wingu jeusi la mvua lilikuwa limesimama mbele yao. Kapteni ana haki ya kuamua bila kumuuliza mtu.

"Unaonaje?" Jebet aliuliza. "Tulipite upande gani?"

Gachanja alimtazama kidogo kabla ya kujibu.

"Kaskazini, kapteni. Huko naona mwanga."

Na Jebet akaigeuza ndege kaskazini.